Chombo Kipi Kinastahili Nafasi Jikoni?

Mtu anayetoka soko la Darajani na kuingia Mlandege, mjini Unguja, hupita mbele ya maduka ambayo vyombo vya jikoni vimepangwa hadi barazani: mabirika ya umeme, blenda, sufuria za presha, majiko ya gesi, vikaangio vya hewa, mashine za kubanika boflo. Vipo vipya vilivyotoka China na Dubai, na vipo vilivyokwisha kutumika katika nchi nyingine. Familia zinazoandaa harusi hutafuta hapo vyombo vya bibi harusi, na zenye jamaa Muscat hupokea vingine ndani ya masanduku ya safari. Fedha inayotumika kwa vitu hivi si ndogo, na mara nyingi ni fedha iliyodunduizwa kwa muda mrefu.

Dukani huulizwa bei, rangi na jina la kiwanda. Swali la afya huulizwa kwa nadra: chombo hiki kikiingia nyumbani, kitaondoa nini? Kitaondoa moshi, kitazuia vijidudu, kitapunguza hatari ya kuungua, au kitajaza kabati tu? Jawabu la swali hili ndilo linalopaswa kupanga foleni ya manunuzi. Nyumba iliyonunua vyombo sita vinavyong'aa na bado inapika maharage kwa makaa ndani ya chumba kisicho na dirisha haijanunua kitu kilichohitajiwa kwanza.

Vipimo vitatu vinatosha kukihukumu chombo. Cha kwanza, kiondoe hatari inayojulikana. Cha pili, kitumike takriban kila siku kwa vyakula vinavyopikwa hasa katika nyumba ile, si kwa vile vilivyochorwa juu ya boksi. Cha tatu, kiweze kusafishwa na kutengenezwa hapa hapa. Chombo ambacho mpira wake haupatikani Mlandege ni chombo cha miezi michache.

Moshi kwanza

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokanayo na kuni, makaa, mafuta ya taa na nishati nyingine zisizo safi, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maradhi yanayohusika ni nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima ni kiharusi, maradhi ya moyo, maradhi sugu ya mapafu na saratani ya mapafu. Hewa hiyo huhusishwa pia na mtoto wa jicho, na kwa mama mjamzito huongeza uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Wapo wanaoamini kuwa makaa ni salama kwa sababu hayatoi moshi mwingi kama kuni. Imani hiyo ni ya hatari. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika kwenye chembe nyekundu za damu na kuinyima miili oksijeni. Seredani iliyowekwa ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua waliolala humo pasi na mmoja wao kukohoa. Vyumba vingi vya Ng'ambo ni vidogo, na fleti kama zile za Michenzani hazikujengwa kwa kupikia makaa ndani.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kinachostahili fedha ni kile kitakachoondoa makaa katika upishi wa kila siku. Ili kukijua, kitazamwe chakula kinachokula makaa mengi zaidi. Katika nyumba nyingi za Unguja ni maharage, kunde, mbaazi, supu ya makongoro na pweza: vyakula vinavyodai saa mbili au zaidi za moto. Hapo ndipo sufuria ya presha inapothibitisha thamani yake. Maji katika sufuria ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi na hayapandi zaidi hata moto ukichochewa vipi. Mvuke ukizuiwa, joto hufika kati ya nyuzi 110 na 120, na chakula kigumu huiva kwa sehemu ndogo ya muda ule. Ile ya umeme ina faida nyingine: imefunikwa vyema isipoteze joto, hivyo baada ya dakika za mwanzo hukata umeme yenyewe na kuuwasha kwa vipindi. Chungu cha maharage kwa kawaida hakifikishi yuniti moja ya umeme.

Upo woga wa sufuria ya presha kulipuka, na hauwezi kupuuzwa. Hata hivyo, ajali nyingi zina sababu zinazoepukika: kujazwa kupita theluthi mbili, au kupita nusu kwa nafaka na maharage yanayofura na kutoa povu, tundu la mvuke lililoziba, mpira uliochakaa, na kifuniko kulazimishwa kufunguka kabla presha haijashuka. Sufuria mpya za umeme hujifunga mpaka mvuke utoke. Ile kuukuu iliyopoteza vali yake haifai kununuliwa hata ikiwa kwa bei ya kutupa.

Kuna nukta moja ya kitabibu inayostahili kusisitizwa. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha vibaya. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko mkali wa dakika zisizopungua 10 baada ya kuyaroweka na kuyamwaga maji ya kurowekea. Sufuria ya umeme ya kupika polepole kwa joto dogo, ambayo nayo huuzwa kwa sifa nyingi, inaweza isifikie joto hilo, na maharage yaliyopashwa nusu nusu huwa na madhara zaidi kuliko mabichi. Kwa nyumba inayokula maharage, sufuria ya aina hiyo si ya kununuliwa.

Jiko la gesi nalo ni mbadala mzuri wa makaa, na nyumba yenye gesi inaweza kutumia sufuria ya presha ya kawaida juu yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni badala ya kupaa. Mtungi ukae mahali penye hewa, mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni, na harufu ikisikika madirisha yafunguliwe kabla ya mkono wowote kugusa swichi.

Friji si anasa

Baada ya moshi, adui wa pili wa jikoni katika hali ya hewa ya Unguja ni joto. Vijidudu vya chakula huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na joto la jikoni kisiwani liko ndani ya mipaka hiyo mwaka mzima.

Mfano ulio karibu zaidi ni kiporo. Mchele hubeba mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa mchemko wa kawaida. Wali au pilau ikiachwa ndani ya sufuria jikoni tangu futari hadi daku, mbegu huchipua na kijidudu hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto upya. Anayesema "nimekichemsha vizuri" anasema kweli, na bado anaweza kuugua. Kinga ni kukiweka chakula kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe upesi, na kukiingiza ndani ya friji kabla ya saa mbili kupita.

Samaki wana kisa kinachofanana. Jodari, vibuwa na jamii zao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, vijidudu huzalisha histamini ndani ya nyama yao. Mlaji huwashwa uso, huumwa kichwa, hutapika na mwili kumtoka madoa mekundu, akadhani ana mzio wa samaki. Histamini haiuliwi na moto wala na barafu. Kinachosaidia ni ubaridi usiokatika tangu mashuani, kupitia soko la Malindi au Darajani, hadi nyumbani.

Friji ina kazi ya tatu isiyotajwa dukani. Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, friji ni sehemu ya tiba. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandishia, kwa kuwa iliyoganda haifai tena. Mtungi wa udongo hupooza kwa kadiri fulani kwa njia ya maji yanayokauka juu ya uso wake, lakini hewa ya pwani yenye unyevu hupunguza uwezo huo.

Hivyo friji hustahili kutangulia blenda, maikrowevu na vikaangio. Anayenunua iliyotumika aangalie mpira wa mlango: karatasi ikibanwa mlangoni na kuvutika bila kushikwa, ubaridi unapotea na umeme unaliwa bure. Aongeze kipimajoto kidogo cha friji, kitu cha bei nafuu, kwani namba zilizoandikwa kwenye kitufe hazisemi nyuzi ngapi ziko ndani. Friji inapaswa kuwa nyuzi 5 au chini yake.

Birika, blenda na kijiko

Birika la umeme huonekana kama chombo cha chai tu. Zanzibar, iliyopata mlipuko wa kipindupindu kuanzia mwaka 2015 pamoja na maeneo mengi ya Tanzania Bara, ina sababu ya kulitazama kwa jicho jingine. Maji yaliyofikishwa kwenye mchemko mkali husalimika na vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Hesabu yake ni nyepesi: kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 28 hadi 100 huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya yuniti. Lita 10 za maji ya kunywa kwa siku ni yuniti moja. Sharti ni maji yapoe na kuhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko na bomba, kisichochotwa kwa vikombe; maji safi yanayochotwa kwa mikono michafu hayana maana. Waya wa birika usining'inie ukingoni mwa meza, mahali ambapo mtoto anayetambaa huweza kuuvuta.

Blenda inastahili nafasi yake kwa sharti la kuoshwa. Katika upishi wa Unguja ina kazi ya kweli: huisaga nazi badala ya mbuzi na kuyafanya mepesi maandalizi ya viungo. Tui bado litakamuliwa kwa kifumbu au chujio, lakini mgongo uliochoka na vidole vilivyokwaruzwa hupumzika. Faida kubwa zaidi iko kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, anayehitaji chakula cha nyongeza kilicho laini na chenye virutubisho: samaki aliyeondolewa miiba, kunde, mboga na ndizi vinaweza kusagwa kutoka chungu kile kile cha familia kabla ya kutiwa chumvi na pilipili. Hatari yake imejificha chini ya kisu, kwenye mpira wa kuzuia maji. Mpira huo usipotolewa na kuoshwa kila mara, mabaki ya maziwa na nazi huozea hapo, na uji wa mtoto hupita juu yake.

Chombo cha mwisho katika orodha hii hakina waya. Ni kijiko cha chai cha kupimia, chenye ujazo wa mililita 5. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya mkate na vidonge vya mchuzi. Jikoni chumvi hutiwa kwa kiganja, na viganja havilingani. Katika nyumba yenye mtu wa shinikizo la damu, kijiko hicho kinaweza kufanya kazi ambayo kikaangio cha thamani kubwa hakiifanyi.

Vinavyoweza kungoja

Kikaangio cha hewa kina ukweli na kina chumvi ya biashara. Ni kweli kuwa hupunguza mafuta, na ni kweli kuwa nyumba inayokaanga bajia, katlesi na chipsi kila jioni, tena kwa mafuta yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi, itanufaika. Lakini hakiondoi kila dhara: viazi vilivyokaushwa hadi kuwa rangi ya kahawia hutengeneza akrilamaidi humo pia. Aidha, kingi kati ya vikaangio hivyo ni vidogo kwa sinia ya watu wanane. Nyumba itakayokaanga mara tatu ndiyo imalize futari moja hurudi kwenye karai baada ya wiki mbili. Samaki wa kubanika na muhogo wa kuchemsha havikuhitaji mashine.

Maikrowevu haifanyi chakula kuwa na mionzi, kama wengine wanavyohofu. Hata hivyo hupasha moto bila usawa, ikiacha sehemu za baridi ambamo vijidudu husalimika na sehemu za moto unaoweza kumuunguza mtoto mchanga. Maziwa ya mtoto yasipashwe humo. Ni msaada, si hitaji. Mashine ya kukamulia juisi inayotupa makapi ni hasara ya pande mbili: hutupa nyuzinyuzi, ambazo ndizo faida, na kubakisha sukari, ambayo katika juisi huhesabiwa pamoja na sukari inayopaswa kupunguzwa. Embe lililotafunwa ni bora kuliko embe lililokamuliwa. Ama vichemshia mayai, mashine za bisi na za kubanika boflo, hivyo ni vitu vya furaha. Vinunuliwe kama furaha, baada ya mahitaji.

Umeme wenyewe

Chombo kizuri kwenye waya mbovu ni janga. Umeme wa Unguja ni wa volti 230. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Japani huhitaji volti 100, na cha Marekani volti 120. Vikichomekwa moja kwa moja huungua, na vinaweza kuiunguza nyumba. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, kibandiko kilicho chini ya chombo kisomwe.

Plagi ya ampea 13 haipaswi kubeba zaidi ya wati 3,000. Birika la wati 2,000 na sufuria ya presha ya wati 1,000 vimekwisha kuufikia mpaka huo, na ekstensheni nyingi za waya mwembamba hazifiki hata hapo. Plagi inayopata moto inatoa onyo. Friji, birika na sufuria ya presha vichomekwe kila kimoja ukutani, kwenye soketi yenye waya wa ardhini.

Hoja za upande wa pili

Ipo hoja kwamba umeme haunaminiki. Hoja hii ina historia. Mwaka 2008 Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale njia ya kuuleta kutoka Bara ilipoharibika. Waya mpya wa chini ya bahari ulikamilika mwaka 2013, lakini kukatika kwa muda hakujakwisha. Fundisho la miaka ile si kuukataa umeme. Ni kutotegemea njia moja. Nyumba yenye sufuria ya presha ya umeme na jiko dogo la gesi imejilinda. Seredani inaweza kubaki kwa ajili ya mishkaki na dharura, ikae uani, isiingie chumbani. Na umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hukihifadhi chakula kwa takriban saa nne.

Ipo hoja ya gharama, nayo ni nzito zaidi. Makaa hununuliwa kwa kopo, leo kwa leo. Sufuria ya presha na friji hudai fedha nyingi kwa mara moja. Kumlaumu mama anayepika kwa makaa ni kumlaumu asiye na mtaji. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kwa familia peke yake. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo litapimwa kwa vyungu vya maharage: je, anayelipa kidogo kidogo kwenye mita ya Tukuza ataweza pia kulipia sufuria yake kidogo kidogo? Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wanawake wa Unguja wanavijua vizuri, vinaweza kubeba sehemu ya mzigo huu vikiungwa mkono. Taasisi ya Viwango Zanzibar nayo ina nafasi ya kuwadai waagizaji kwamba kila chombo cha umeme na cha presha kiuzwe na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, kwa sababu onyo lisilosomeka halimlindi mtu.

Mwisho kuna suala la nani anaamua. Mara nyingi anayelipa si anayepika. Baba hununua kilichosifiwa barazani, jamaa huleta kilichokuwa na punguzo la bei Muscat, na mwenye kuvuta moshi kila siku hakuulizwa. Mazoea hayo yabadilike. Kabla ya chombo chochote kununuliwa, anayepika aulizwe mambo mawili: chakula gani kinamweka jikoni muda mrefu zaidi, na kitu gani kinamuumiza. Akijibu kuwa ni maharage na moshi, orodha ya manunuzi imekwisha kuandikwa.